Balbu ya 400, choki ya 250

Novemba 2021 nilitumia akiba ya miaka miwili kutengeneza mtego wa senene nyumbani kwetu wilayani Muleba, mkoani Kagera. Mabati, mapipa, nguzo na kilima cha kutegea, vyote vilikwenda sawa. Kilichotuumiza ni taa. Balbu zilikuwa mpya, choki (kile kifaa kizito cha waya uliosukwa kinachokaa kati ya umeme na balbu) zilikuwa nzima, na nyaya zilifungwa vizuri. Ila balbu na choki hazikuwa za jozi, nami sikujua kama zinatakiwa kuwa za jozi. Kutojua huko kulinigharimu zaidi ya laki tatu, pipa zima la senene, na alfajiri moja ambayo mama yangu na mdogo wangu waliamka wakashindwa kufungua macho.

Kila mvua za vuli zinapokaribia, vijana wanaotaka kuanza hunipigia simu. Huwaeleza vipande vipande, salio linakwisha, wengine wanashika nusu. Sasa naandika yote, pamoja na yale ninayoyaonea aibu.

Kwa asiyewahi kuuona mtego: senene ni panzi wa usiku, huruka kwa makundi, hasa Novemba na Desemba, na kidogo tena Aprili na Mei. Bibi zetu waliwaokota alfajiri kwenye nyasi, mabawa yakiwa bado yamelowa umande. Siku hizi, huku kwetu na ng'ambo ya mpaka Masaka, watu hutega kwa taa. Unasimamisha mabati mapya yanayong'aa, yamelala kidogo, miguu yake ndani ya mapipa. Juu unaweka taa kali, chini unafukiza majani mabichi. Senene hufuata mwanga, moshi huwalevya, huteleza kwenye bati na kuangukia ndani ya pipa. Taa ikiwa hafifu, senene hupita juu yako wakaenda kwa jirani.

Taa inayopendwa ni ile tunayoiita ya merkyuri, yaani ya mvuke wa zebaki, wati 400. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini tusitumie LED za kawaida. Sababu ninayoijua ni kwamba taa ya zebaki, pamoja na mwanga tunaouona, hutoa miale iliyo karibu na urujuanimno, kwenye nanomita 365, ambayo sisi hatuioni lakini wadudu wanaiona. LED nyeupe ya nyumbani haina miale hiyo, au inayo kidogo sana.

Tatizo ni kwamba taa hizi zinaondoka sokoni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliuweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuzitengeneza, kuziingiza na kuzisafirisha kwa matumizi ya kawaida ya kuangazia, kwa ajili ya zebaki iliyomo. Kwa hiyo mtu akizipata leo, mara nyingi anapata mabaki: balbu kutoka duka moja, choki kutoka kwenye nguzo ya zamani, kapasita kutoka kwa fundi. Vitu vilivyotoka kiwandani vikiwa pamoja vimetawanyika, na anayevikusanya upya ni mimi na wewe, tusiosomea umeme. Ndipo makosa yalipoanzia.

Nilinunua balbu nne za wati 400, kila moja shilingi 38,000. Nilipoomba choki, muuzaji akaniambia za 400 zimekwisha, zimebaki za 250. Akasema kwa uhakika kabisa, "Zote ni za merkyuri, zinawasha." Nikajisemea moyoni, choki ndogo si itakula umeme kidogo? Nikachukua nne, 45,000 kila moja, nikapanda gari nikiwa na furaha. Simlaumu sana. Alichosema kilikuwa kweli: zinawasha.

Na ziliwaka. Taa ya zebaki huanza kwa mwanga wa zambarau, hafifu, kisha hupanda polepole kwa dakika 4 au 5 mpaka inakuwa nyeupe. Zetu zilipanda zikaishia katikati. Zikabaki na rangi ya kijani iliyofifia, kama mwezi nyuma ya wingu. Ng'ambo ya bonde jirani yetu alikuwa na taa tatu tu, na mwanga wake ulikuwa ukigonga ukuta wa nyumba yetu. Usiku wa kwanza tulipata chini ya debe moja. Wa pili hivyo hivyo. Tulilaumu mwezi, tukalaumu majani ya kufukizia, tukageuza mabati mara mbili. Mdogo wangu alipanda nguzo kufuta balbu kwa kitambaa akidhani zina vumbi. Hakuna aliyefikiria choki, kwa sababu choki haionekani kufanya kazi yoyote. Imekaa tu ndani ya boksi, inavuma.

Mwishoni mwa wiki balbu moja ilikataa kuwaka kabisa. Nilipoishusha nikaona kibomba kidogo cha ndani kimekuwa cheusi ncha zote mbili. Baadaye ndipo nilipoelezwa: balbu ikipewa umeme pungufu, ncha zake hazifikii joto linalotakiwa, zinaliwa taratibu na uchafu wake unaganda kwenye kioo. Kwa hiyo hata ule ubahili wa kutumia choki ndogo ili kutunza balbu ni hasara mara mbili, mwanga unakosa na balbu inakufa.

Nikafanya kosa la pili, ambalo ndilo kubwa. Kijiji cha pili palikuwa na mtu anayeacha shughuli hii, akaniuzia choki mbili zilizotumika, zote zimeandikwa 400W, kwa 70,000. Nikafurahi: sasa tumepata kubwa. Moja ilikuwa na kidude cha ziada pembeni chenye nyaya tatu, nikadhani ni kinga ya radi. Kwa kuwa hela ilikuwa imekwisha, balbu nyingine mbili nilinunua za wati 250, shilingi 30,000 kila moja. Hesabu yangu ilikuwa hii: balbu ndogo kwenye choki kubwa itasukumwa iwake kama kubwa.

Shingo ya balbu ya 250 na ya 400 ni moja, ile pana, inaingia kwenye holda ileile bila shida. Hakuna kitu kinachokuzuia. Ningeomba ungekumbuka jambo hili kuliko mengine yote niliyoandika hapa: kwamba inaingia na inawaka haimaanishi inafaa.

Basi balbu ya 250 ikawekwa kwenye choki ya 400, na balbu moja ya 400 ikawekwa kwenye ile choki yenye kidude. Usiku huo kilima chetu kiling'aa. Watu walitoka nje kutazama. Tulipata mapipa mawili, na mama akaimba. Nakumbuka nikipiga picha na kumtumia mjomba, nikijiona nimepata ufundi. Balbu ya 400 ilidumu siku nne, ikafa. Ya 250 iliendelea, ikiwa na joto ambalo ulilihisi usoni ukisimama hatua tatu.

Usiku wa tano ikanyesha. Si mvua kubwa, matone tu, lakini makubwa. Taa zetu hazikuwa na kofia, maana tulitaka mwanga uende juu. Tulisikia mlio mdogo, kama glasi inayowekewa chai ya moto, na vipande vya kioo vikateleza kwenye bati, vikaingia kwenye pipa. Nilikimbilia swichi. Kisha nikaangalia juu nikaona taa bado inawaka. Kioo cha nje kilikuwa kimeanguka nusu, lakini kile kibomba cha ndani kilikuwa kinaendelea, kikitoa mwanga mkali wa bluu kuliko wakati wowote.

Nikaiacha.

Naandika hivyo kwa uzito. Niliiacha kwa sababu senene waliongezeka. Walikuja kwa wingi ambao hatujawahi kuuona, wakigonga mabati kama mvua ya mawe. Tulifanya kazi chini ya taa ile kwa karibu saa tatu, mama akichambua, mdogo wangu akibadilisha mapipa, mimi nikifukiza upande wa nyuma, penye moshi mzito. Saa nane za usiku tukazima tukalala.

Kabla jogoo hajawika nilisikia mdogo wangu akilia. Ni mtu mzima wa miaka 24, sijawahi kumsikia akilia hivyo. "Kaka, nimemwagiwa pilipili machoni." Nikamwashia tochi akapiga ukelele. Nikaenda kwa mama, nikamkuta ameketi kitandani amejifunika kanga usoni, ananyamaza tu, machozi yanashuka. Alidhani amepofuka na hakutaka kutuamsha. Macho yangu mimi yaliwasha lakini niliona. Nadhani ule moshi nilioulalamikia usiku kucha ndio ulionisitiri.

Zahanati mhudumu aliwatazama, akauliza swali moja: "Mlikuwa mnachomelea vyuma?" Tukasema hapana. Akasema macho haya ni ya mtu aliyetazama moto wa kuchomelea. Ni kuungua kwa ngozi nyembamba ya mbele ya jicho, na maumivu yake huchelewa, huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana mtu hajui kwamba anaungua. Akatoa dawa ya kupaka, akasema wakae gizani, wasipikiche. Siku ya pili mdogo wangu alifungua macho, mama siku ya tatu. Ngozi ya paji na mashavu ilibabuka kama ya mtu aliyekaa juani wiki nzima. Walipona. Lakini zile siku mbili nilizomwongoza mama kwa mkono kwenda msalani sizisahau.

Sababu yake niliielewa baadaye. Kibomba cha ndani ni cha kwatzi, aina ya kioo kinachovumilia joto kali, na kwatzi hupitisha karibu miale yote ya urujuanimno, hata ile kali. Kioo cha nje ndicho kinachoizuia ile kali isitoke. Kikivunjika, kilichobaki juu ya nguzo ni chanzo tupu cha miale inayochoma macho, nacho kinaweza kuendelea kuwaka kwa saa nyingi bila kuonyesha dalili yoyote ya ubovu. Wadudu huivamia kwa sababu hiyohiyo inayowaumiza watu. Kioo cha nje kikipasuka, zima papo hapo, usitazame juu kuhakikisha, usingoje pipa lijae.

Lile pipa lenye vioo lilikuwa na senene wa kama shilingi 180,000 kwa bei ya siku hizo. Mdogo wangu, macho bado yamefumbwa, alipendekeza tuwaoshe na kuwachekecha. Mama akakataa. Ndani ya kioo kile kuna unga mweupe uliopakwa, na hatukuwa na uhakika kama kibomba chenye zebaki nacho hakikupata ufa. "Siwezi kumlisha mtoto wa mtu kitu ambacho siwezi kumlisha wa kwangu," akasema. Tukachimba shimo mbali na kisima, tukafukia.

Ndipo nikamtafuta mzee mmoja ambaye ujana wake wote aliutumia kutunza taa za barabarani. Nilimkuta barazani anamenya ndizi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibu." Nikamweleza yote. Hakushangaa. Akasema nimletee kila kitu, kizima na kibovu, na kesho yake nikampelekea kwenye kiroba.

Akaokota choki ya kwanza. "Imeandikwa nini?"

"Wati 250, mzee."

"Wati waachie wauzaji. Soma mstari wa chini."

Mstari wa chini uliandikwa 2.15A. Miezi yote ile maandishi yale yalikuwa pale, nami sikuwa nimeyatazama hata mara moja.

Mzee akanieleza kwa mfano ambao nimeutumia kwa kila kijana tangu hapo. "Umewahi kushusha mikungu mitatu kwa baiskeli kutoka huku juu mpaka ziwani?" Nimewahi. "Uliisukuma?" Hapana, nilishika breki mpaka mikono ikafa ganzi. "Basi taa ya zebaki ni baiskeli ile. Ukishaiwasha, umeme ndani yake unashuka mteremko, unazidi kujiongeza wenyewe mpaka balbu ipasuke au fyuzi ikate. Choki haisukumi. Choki ndiyo breki. Breki ya mkungu mmoja ukiifunga kwenye mizigo mitatu, au ya mizigo mitatu kwenye mkungu mmoja, safari haiwi."

Mimi nilikuwa nimedhani choki ni kama pampu: kubwa inasukuma zaidi, ndogo inabana matumizi. Kumbe kazi yake ni kuweka kiasi cha ampea, yaani wingi wa umeme unaopita (ile A ya 2.15A), na kila balbu ina ampea zake. Akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu ya risasi. Balbu ya zebaki ya wati 80, ampea 0.8. Ya 125, ampea 1.15. Ya 250, ampea 2.15. Ya 400, ampea 3.25. Kipande kile bado ninacho, kimebandikwa ndani ya mlango wa banda. Hizo ni za umeme wetu wa volti 230 na hezi 50, yaani umeme unaopiga mizunguko 50 kila sekunde.

Kisha akatoa mita yake ya kubana waya tukapima kila mchanganyiko niliokuwa nimeufanya. Balbu ya 400 kwenye choki ya 250: ampea 2.2, wakati inahitaji 3.25. Ilikuwa inaishi kwa njaa. Balbu ya 250 iliyobaki aliiweka kwenye choki ya 400 kwa dakika chache tu, sote tumekaa mbali: ampea 3.2, moja na nusu ya haki yake. Volti za balbu hizi mbili hazipishani sana, zote zinazunguka 130, ndiyo maana ampea zikizidi wati nazo zinazidi hivyo hivyo. Balbu ya wati 250 ilikuwa inakula karibu 400, ndani ya kioo kilichotengenezwa kwa 250. Tone la mvua lilimalizia tu kazi niliyoianza mimi.

Kuhusu choki yenye kidude, mzee alisoma maandishi yake akatikisa kichwa. Ilikuwa ya taa ya sodiamu, zile za njano za barabarani. Wati 400, ndiyo, lakini taa ya sodiamu hufanya kazi kwa volti zipatazo 100 tu, kwa hiyo ili ifike wati 400 inahitaji ampea 4.4 hivi. Choki yake imetengenezwa kwa mtiririko huo. Ukiiwekea balbu ya zebaki ya 400, unaipa karibu ampea 4 badala ya 3.25. Na kile kidude si kinga ya radi, ni igniita, kinarusha mshtuko wa maelfu ya volti kuiwasha sodiamu. Balbu ya zebaki ina ncha yake ndogo ya kujiwashia, haihitaji igniita, na mshtuko ule unaweza kuiharibu. Hivyo ndivyo ile balbu ya siku nne ilivyokufa.

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba namba ya wati peke yake inaweza kudanganya hata pale inapolingana. Choki ya sodiamu ya wati 250 imeandikwa ampea 3. Ukiitoa igniita, haiizidishii ampea balbu ya zebaki ya wati 400 kama ifanyavyo choki ya sodiamu ya 400. Mzee alikuwa nayo moja, tukabadilishana, na balbu ilipanda mpaka nyeupe. Si kamili, inapungukiwa, lakini inaishi.

Herufi nazo jifunze kuzisoma, maana kila kiwanda kina zake. HPL, HQL na MBF zote ni zebaki. SON na NAV ni sodiamu. ML na HWL ni aina nyingine ya zebaki ambayo ina waya wa moto ndani yake unaofanya kazi ya choki, hiyo unaifunga moja kwa moja kwenye umeme. Hatari yake iko kwenye kubadilisha: mwenzangu mmoja alikuwa na holda ya ML isiyo na choki, balbu ikafa, akaweka HPL ya kawaida kwa kuwa shingo zinafanana. Ililipuka palepale. Kabla ya kuweka balbu mpya, fuata waya uone kama kuna choki njiani.

Na kama una ndugu Saudia anayetaka kukuletea choki, mwambie asome hezi. Kule ni 60, kwetu 50. Choki ya hezi 60 kwenye umeme wetu hulegea breki, ikapitisha ampea nyingi kuliko zilizoandikwa, na huchemka.

Niliporudi nyumbani nilipanga vitu vyote sakafuni. Balbu ya 250 iliyobaki na choki za 250. Balbu mbili za 400 zilizopona, choki ya zebaki ya 400, na ile niliyobadilishana na mzee. Nikakaa chini. Jozi sahihi, ukiacha hiyo moja, zilikuwa ndani ya banda langu wakati wote. Mimi ndiye niliyezifunga kinyumenyume. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa hela.

Kuna mengine mawili ambayo yalifuata, nitayapitia haraka. La kwanza ni waya. Kutoka kwenye mita ya nyumba mpaka mtegoni ni mita 100, nasi tulivuta waya wa milimita 1.5. Nyumbani tulipima volti 228, mtegoni 213. Kwa taa za choki, volti zikishuka asilimia 5 wati za balbu hushuka kama 10, kwa hiyo tulikuwa tunapoteza mwanga njiani. Tuliweka waya wa 2.5. Volti zikishuka ghafla mno taa huzimika yenyewe, na ikishazimika ikiwa ya moto haiwaki tena mpaka ipoe, dakika 5 mpaka 10. Usikimbilie kuifungua ukidhani imekufa. Nimeshuhudia mtu akiungua kiganja namna hiyo.

La pili ni jenereta. Msimu wa 2022 tulikodi ya kVA 2.5 (kVA ni volti mara ampea, kwa maelfu). Balbu mbili za 400 na mbili za 250 ni wati 1,300, nikaona inatosha na kubaki. Tulipowasha zote kwa pamoja jenereta iliguna ikazima. Ukijumlisha ampea zake ni 10.8, ambazo kwa volti 230 ni takriban kVA 2.5 yenyewe, na wakati wa kuwaka taa hizi huvuta zaidi ya mara moja na nusu ya hapo. Dawa ni kapasita, kidude kinachohifadhi umeme kidogo na kupunguza ampea zinazovutwa: maikrofaradi (kipimo cha ukubwa wake) 25 kwa kila choki ya 400 na 18 kwa kila ya 250, za volti 250 za AC, zifungwe upande wa umeme unaoingia. Ampea zilishuka mpaka karibu 7. Kisha tunawasha moja, tunangoja ipande, ndipo tunawasha inayofuata. Kapasita hukaa na umeme hata baada ya kuzima, kwa hiyo usishike miguu yake kama haina kipingamizi cha kuumaliza.

Sasa kila taa yetu ina kofia ya bati, ndogo, inayokinga tone lisianguke moja kwa moja. Tunavaa miwani na mikono mirefu. Balbu zilizokufa hatuzivunji wala hatuzitupi migombani. Ziko kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mama hakutaka kuusikia mtego kwa mwaka mzima, na sikumlazimisha. Msimu uliofuata alikuja mwenyewe na sharti lake. Alisema hajui kusoma ampea wala herufi za Wazungu, lakini rangi anazijua. Tukapaka choki za 400 rangi nyekundu na za 250 bluu, na rangi hizohizo kwenye holda na kwenye kikaratasi tunachokifunga kwenye shingo ya balbu. Hakuna anayegusa swichi kabla hajapita. Jioni huja na tochi, kanga begani, anaangalia boksi moja baada ya jingine, anamulika juu ya nguzo, anarudi tena kwenye lile la kwanza. Kisha anasogea pembeni na kusema, "Haya, washeni."